Nani Amepita Juu ya Paa? Utatuzi wa matatizo ya kutambua ndege wa usiku kwa milio, Arusha na Moshi

Wanaosikiliza ndege usiku, kuanzia Ngaramtoni hadi Himo, hulalamikia mambo yaleyale, na mwongozo huu umejengwa juu ya malalamiko hayo. Tafuta dalili inayokusumbua, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, na usifungue kinasa sauti wala kununua maiki mpya kabla hujamaliza yale mepesi.

Nitangulize neno moja. Wengi hudhani tatizo ni masikio yao. Mara nyingi tatizo ni haraka ya kutaja jina. Mlio wa ndege anayepita gizani hudumu sehemu ndogo ya sekunde, na hakuna umbo wala rangi ya kukusaidia. Daftari lililoandikwa "ndege wa majini, milio mitatu, alitoka upande wa mlima akielekea uwandani, saa tisa na robo usiku" linamfaa mtu wa baadaye kuliko jina la spishi lililobahatishwa. Nenda kwa ngazi: kwanza amua kama ni ndege, kisha kama anapita au ametulia, kisha yumo katika kundi gani. Jina lije mwisho, na lisipokuja andika "hajulikani" na uitunze sauti.

"Nimerekodi usiku mzima, sikupata ndege hata mmoja"

Angalia kalenda kwanza. Wageni kutoka Ulaya na Asia hushuka kupitia kwetu zaidi kati ya Oktoba na Desemba, wakati wa vuli, na hurudi kaskazini Machi na Aprili, masika inapoanza. Ukirekodi Julai, na baridi ile ya Arusha, utapata wenyeji tu: bundi, chekeamwezi, na kwarara kabla ya jua.

Sababu ya pili huwashangaza wengi: ndege walipita, ila walipita kimya. Kule Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi ng'ambo ya mpaka, wataalamu wamekuwa wakiwafunga pete ndege wahamao wa usiku tangu 1969. Usiku wa ukungu usio na mwezi, hasa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta chini kwa wingi ndege wadogo wanaokula wadudu, wakiwemo Luscinia luscinia na Acrocephalus palustris. Ndege hao hawana desturi ya kuita wakiwa safarini. Wanaweza kuwa wengi juu ya Moshi usiku wa leo na rekodi yako ikabaki tupu. Kwa hiyo rekodi tupu isikufanye uandike "hakuna ndege". Andika "hakuna milio". Wanaoita wakiruka usiku ni hasa ndege wa majini na wa fukweni, bata, kulastara wa usiku, heroe (flamingo) na baadhi ya kekeo.

Ikiwa msimu ni sahihi na majirani zako wanapata milio, chunguza mahali pa maiki. Maiki iliyowekwa barazani chini ya paa husikia ukuta na televisheni. Itoe nje ione anga wazi, mbali na mwembe unaojaa nyenje. Njia rahisi ya kuikinga iliyoenezwa na Bill Evans wa Marekani ni kuweka maiki ndani ya chungu cha maua au ndoo inayotazama juu, mdomo ukifunikwa na nailoni nyembamba iliyovutwa vizuri. Kuta za ndoo huzuia kelele za mtaani zinazotoka pembeni, na nailoni huzuia umande na manyunyu.

Mwisho, kama unatumia simu, fahamu kwamba programu nyingi za kurekodi zimeundwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu. Hukata "kelele" za nyuma, na ndege aliye mita mia mbili juu ni kelele kwa mujibu wake. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kupunguza kelele na kujirekebisha kwa sauti, uzime vyote viwili. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Ukitaka mwenzako akusaidie, usimtumie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana hubana sauti na kukata sehemu ya juu ambako milio ya ndege wadogo hukaa. Itume kama faili.

"Rekodi inakatika kabla ya alfajiri"

Kwenye simu, mtuhumiwa wa kwanza ni simu yenyewe: Android huzima programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa ili kuokoa betri. Iondoe programu yako kwenye orodha ya zinazobanwa matumizi ya betri.

Kwenye kinasa sauti kilichounganishwa na pawabenki, angalia kama kilizima baada ya dakika chache tu. Pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo, zikidhani simu imejaa. Tumia betri za kawaida, au pawabenki yenye hali ya kuchaji vifaa vidogo.

Kama imekatika karibu saa saba usiku, na hukatika hapohapo kila siku, piga hesabu. Sauti ya njia mbili, hezi 48,000 na biti 16, hula karibu MB 691 kwa saa. Faili la WAV la kawaida lina kikomo cha GB 4. Ukianza saa moja jioni utafika kikomo saa saba na dakika kumi hivi, na vifaa vingine husimama hapo badala ya kufungua faili jipya. Rekodi kwa njia moja: karibu MB 346 kwa saa, na usiku wote hadi saa kumi na mbili asubuhi unaenea kwenye GB 3.8. Maiki moja inakutosha kabisa kwa kazi hii.

"Kuna kelele tu, sioni mlio"

Hapa usisikilize kwanza, tazama. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure, na ubadilishe muonekano uwe spektrogramu: muda unakwenda kulia, masafa (kimo cha sauti) yanapanda juu, na sauti kubwa inang'aa zaidi. Kelele karibu zote za mjini zina alama zake.

Mistari ya wima inayogusa masafa yote, inayotawanyika bila mpangilio kati ya saa moja na saa nne usiku, ni mabati. Yamekaangwa na jua mchana kutwa, na yakipoa yanajikunja na kulia *tak*. Nimeona watu makini wakiwekea alama mistari hiyo moja baada ya mwingine kama milio ya ndege. Mlio wa ndege hauchukui masafa yote kwa mkupuo. Hukaa kwenye kipande chake, una umbo, unapinda au unashuka. Sogeza maiki mita kadhaa kutoka kwenye paa.

Ukanda mnene usiokatika, mahali fulani kati ya kilohezi 3 na 8, ni nyenje na jamaa zake. Usijaribu kuufuta kwa programu. Utafuta na ndege. Hamisha maiki, au kubali kwamba katika ukanda huo hutapata kitu usiku huo. Milio mingi ya ndege wa majini huwa chini yake.

Mistari ya mlalo iliyopangana chini kabisa, kwenye hezi 50, 100, 150 na kuendelea, ni umeme wa gridi unaoingia kupitia chaja. Chomoa chaja, tumia betri. Wingu zito chini ya hezi 500 ni upepo. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru hewa baridi huteremka usiku, kwa hiyo maiki iliyo Kibosho au Sakina ikae upande wa nyumba usiotazama mlima.

*Acha hapa:* usipande juu ya mabati yenye umande kuweka maiki, na usivute waya wa umeme kupeleka nje wakati wa masika. Radi ikianza kusikika, kifaa kibaki kilipo hadi asubuhi. Kama lazima nguzo isimamishwe au waya upitishwe ukutani, ni kazi ya fundi umeme, na nguzo isikaribie nyaya za mtaani.

"Mlio uleule, usiku kucha, kutoka mti mmoja"

Huyo hapiti. Ndege apitaye hutoa milio michache, ya kwanza hafifu, ya katikati imara, kisha hafifu tena, na baada ya dakika moja ameshakwenda. Sauti inayobaki na nguvu ileile kwa robo saa imekaa mahali, na huenda si ndege hata kidogo.

Wa kwanza kumshuku Arusha na Moshi ni popo mla matunda wa jenasi Epomophorus. Dume hukaa kwenye mpera au mkuyu na kutoa *ping* moja fupi, karibu kila sekunde, kwa muda mrefu sana. Wengi humwandika kama bundi mdogo (Otus senegalensis). Tofauti ni muda kati ya mlio na mlio: bundi huyo husema *prrup* yenye mtetemo, kisha ananyamaza sekunde tano hadi nane kabla ya kurudia. Hesabu nafasi kati ya milio na shaka litaisha.

Kelele inayoanza kwa mkoromo, ikapanda hatua kwa hatua hadi kuwa ukelele wa kutisha, pembeni mwa msitu juu ya Marangu au kuelekea Meru, ni perere, yaani pimbi wa mitini. Kilio kama cha mtoto mchanga kutoka juu ya mti ni komba. Baada ya mvua ongeza vyura, ambao wengine hupiga mluzi mmoja mwembamba unaofanana sana na ndege. Utawajua kwa kuitikiana kutoka sehemu moja ya chini yenye maji.

Ukishawatoa hao, wabaki ndege wakaaji. Chekeamwezi hupandisha *pi-pi-pi-pi* mpaka inakuwa kelele, kisha inazimika polepole, na mbalamwezi humchangamsha. Mpasuasanda wa milimani (Caprimulgus poliocephalus) hupiga mluzi mrefu unaomalizikia kwenye mtetemo. Vanellus coronatus, yule ndege wa viwanja vya mpira mwenye duara jeupe kichwani, hupiga kelele kali akishtushwa na mbwa, naye huruka usiku, kwa hiyo anaweza kukudanganya kwamba ni msafiri. Msikilize kama anazunguka na kurudi kiwanja kilekile.

"Nimesikia milio mitatu. Ni nani?"

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili muda. Ndege angalau watatu wa huku hutoa sauti tatu kwa mpigo, na wote watatu huweza kusikika gizani mwezi uleule wa Novemba.

Wa kwanza, na ndiye mara nyingi, ni kekeo kifua-chekundu (Cuculus solitarius). Sauti zake tatu zinashuka ngazi, nzito, kubwa, na hurudiwa tena na tena hadi watu wa nyumbani wanakereka. Huanza mvua zinapokaribia na huita usiku pia, mara nyingine akiwa anaruka kutoka mti hadi mti. Kwenye spektrogramu yuko chini kuliko wenzake wawili. Ukisikia mfululizo zaidi ya mara kumi, huna haja ya kuendelea kutafuta.

Wa pili ni bata wa mluzi mwenye uso mweupe (Dendrocygna viduata). Sauti zake ni mluzi safi: mbili za kwanza fupi, ya tatu inavutwa na kushuka. Huruka kwa kundi, kwa hiyo mmoja akiita mwingine hujibu, na kwenye picha utaona miluzi inapandana. Chini ya Moshi, kwenye majaruba ya mpunga na kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, huyu awe wa kwanza kwenye orodha yako. Binamu yake Dendrocygna bicolor hutoa sauti mbili tu, ya pili ikipanda.

Wa tatu ni Tringa nebularia, mgeni wa fukwe na madimbwi. *Tyu-tyu-tyu*: sauti tatu zinazolingana urefu na kimo, kavu, zimekatwa kwa ghafla. Halafu kimya, pengine mara moja tena mbali zaidi. Hakuna kushuka ngazi wala kuvuta ya mwisho.

Kwa hiyo ukaguzi ni huu. Je, imerudiwa mara nyingi? Kekeo. Je, ya tatu ni ndefu kuliko mbili za kwanza? Bata. Je, zote tatu ni sawasawa? Tringa nebularia, na hapo linganisha kwanza na rekodi kadhaa za xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege, ambako milio ya kuruka usiku ina alama yake ya kutafutia. Sikiliza rekodi tano au sita za ndege mmoja, usiishie kwenye moja. Kila ndege ana kiasi chake cha kubadilika. Kama ukaguzi wote umefanyika na bado unayumba kati ya wawili, andika wote wawili.

Usichanganye hawa na sauti moja moja. *Kwok* nzito, moja, kisha sekunde kadhaa za kimya, kisha *kwok* nyingine upande mwingine wa anga, ni kulastara wa usiku (Nycticorax nycticorax). Kwa anayeanza ndiye mwalimu mzuri kuliko wote, kwa sababu anasikika bila kifaa na njia yake inafuatika kwa sikio. Mkoromo wa puani wa ndege wengi kwa pamoja, unaopita juu kwa dakika nzima, waweza kuwa heroe: huhama usiku kati ya maziwa ya magadi, na sisi tuko katikati ya Natron, Manyara na Momella.

"Programu inanipa majina ya ajabu"

BirdNET, programu ya kutambua ndege kwa sauti, hukatakata sauti katika vipande vya sekunde tatu na kuvilinganisha na rekodi ilizofunzwa. Ikikupa ndege wa Amerika, kwanza hakikisha umeiwekea mahali na tarehe. Bila hivyo inachagua kutoka dunia nzima. Pili, sehemu kubwa ya ilichofunzwa ni nyimbo na milio ya mchana, na ndege yuleyule safarini usiku huweza kutoa sauti fupi isiyofanana na wimbo wake. Tatu, namba inayotoka mbele ya jina si asilimia ya kuwa sahihi. 0.8 ya popo aliyeitwa bundi bado ni popo.

Programu nyingine za kutambua milio ya ndege wahamao usiku zimefunzwa kwa ndege wa Amerika. Kwa Arusha hazikusaidii kutaja jina. Matumizi mazuri ya programu ni kukuonyesha mahali pa kutazama katika saa kumi na moja za sauti. Uamuzi ubaki kwako na picha ya sauti.

"Muda wa kwenye daftari haulingani na wa kwenye faili"

Sababu ya kawaida ni saa yetu. Daftari linasema saa nane na dakika 14 usiku, faili linasema 02:14, na mtu anaongeza au kupunguza sita vibaya. Pia tarehe: kwetu usiku wa Jumanne unaendelea hadi kuche, lakini kifaa kimeshaandika Jumatano tangu saa sita. Andika mitindo yote miwili, upande kwa upande.

Ikiwa tofauti ni saa tatu kamili, kifaa kiko kwenye saa ya dunia (UTC), ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. AudioMoth, kinasa sauti kidogo cha kuachwa nje, hufanya hivyo isipobadilishwa. Faili lenye 23:14 ndilo lile lile la saa nane na dakika 14. Usibadilishe majina ya mafaili ya zamani. Rekebisha kifaa kuanzia leo na uache maelezo.

"Kuna sauti ya kupasua, na nyingine ya kukwaruza darini"

Ya kupasua, ndefu kama sekunde mbili, ikipita juu ya nyumba, ni bundi wa ghalani (Tyto alba). Ya kukwaruza isiyokoma, kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, ni makinda yake yakidai chakula. Najua hofu iliyopo juu ya ndege huyu, na najua mawe anayorushiwa. Naomba sana asiguswe. Chakula chake kikubwa ni panya, na makinda huondoka baada ya miezi miwili hivi. Wakishaondoka ndipo tundu lifungwe kwa wavu.

*Acha hapa:* usipande darini usiku kuwatoa. Kuna nyaya, kuna kucha, na ndege wa porini analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kama hawawezi kubaki, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

"Mlio umesikika, kisha ndege ameanguka chini ya taa"

Hutokea zaidi usiku wa ukungu bila mwezi, kwenye majengo yenye taa kali na vioo. Tombo na mdiria mdogo (Ispidina picta), ambao nao husafiri usiku, ni kati ya wanaogonga. Zima taa za nje kwanza. Ndege aliyezimia mfunike kwa boksi lenye matundu, mahali pakavu penye giza, bila maji wala chakula, na umwachie kabla ya jua kuwa kali ikiwa anasimama mwenyewe. Piga picha ya mabawa na mdomo, uihifadhi pamoja na sauti ya dakika ile. Mlio unaofungamana na ndege aliyeonekana ni rekodi adimu.

Bawa likining'inia au damu ikitoka, usijaribu kumfunga mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umjulishe afisa wanyamapori. Ukimkuta ana pete mguuni, andika herufi na namba zote jinsi zilivyo, piga picha ya pete, na upeleke taarifa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, makao makuu yao yapo hapahapa Arusha, au Chuo cha Wanyamapori cha Mweka ukiwa upande wa Moshi. Pete usiitoe kwa ndege aliye hai.

Ukikuta ndege wengi wamekufa kando ya bwawa au ziwa bila alama ya kugonga kitu, usimshike hata mmoja, zuia watoto na kuku wasifike, na mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.